Mafua Bwenini: Utangulizi

Aliyewahi kulala bwenini hahitaji kufundishwa jinsi mafua yanavyosambaa. Usiku mmoja anakohoa wa kitanda cha juu. Wiki haijaisha, nusu ya bweni imejifunika blanketi mchana kweupe. Kinachohitaji kufundishwa ni namna ya kuuliza: tungewahi kuchukua hatua fulani, ingesaidia kwa kiasi gani? Mlipuko hutokea mara moja tu, nasi hatuna shule pacha ya kulinganisha nayo. Modeli ya hesabu ndiyo inayotupa shule hiyo pacha.

Darasani huwa naanza na mlipuko wa Januari 1978, katika shule ya bweni ya wavulana kaskazini mwa Uingereza. Walikuwa 763. Tarehe 22 watatu walikuwa kitandani. Wiki haikwisha, wakakaribia 300 kwa siku moja. Kufikia tarehe 4 Februari, wavulana 512 walikuwa wameugua hadi kulazwa.

Watafiti Kermack na McKendrick walikuwa wameshatuachia zana tangu 1927. Wagawe watu mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliokwisha kupona. Kila siku fungu la kwanza linapungua kadiri linavyokutana na la pili, na la pili linapungua kadiri watu wake wanavyopona. Ukiioanisha hesabu hiyo na takwimu za shule ile, unaona kwamba mgonjwa wa mwanzo aliambukiza wenzake 1.66 kwa siku, kwa muda wa siku 2.27: jumla 3.8.

Sasa mtoe kila mgonjwa bwenini siku moja mapema. Ile 3.8 inashuka hadi 2.1. Je, mlipuko umezimwa? La. Kwa mujibu wa modeli, watakaoambukizwa wanapungua kutoka asilimia 98 hadi 82 tu. Lakini tazama kilele: kutoka wagonjwa 290 na ushei kwa wakati mmoja hadi 130 hivi. Kwa muuguzi anayehesabu vitanda, hiyo ni shule nyingine kabisa. Mimi fani hii ilinishika hapo, nilipogundua kwamba hatua inayoonekana hafifu kwenye jumla inaweza kuwa kubwa kwenye kilele.

Usiiamini modeli kupita kiasi, hata hivyo. Inasema karibu wote waliambukizwa, na waliolazwa ni 512; huenda wengine waliugua kidogo wakaendelea na masomo. Tena waliohesabiwa ni waliokuwa kitandani, ilhali huenda anayeambukiza wengi ni yule ambaye bado anatembea.

Kuhusu kufunga shule, mtafiti Cauchemez na wenzake walitumia likizo za Ufaransa kama jaribio la asili. Mwaka 2008 walionyesha kwamba likizo hupunguza maambukizi kwa watoto kwa asilimia 20 hadi 29, bila badiliko linaloonekana katika jinsi watu wazima wanavyokutana. Wakakadiria kuwa kufunga kwa muda mrefu wakati wa janga kungepunguza jumla ya wagonjwa kwa asilimia 13 hadi 17, na kilele kwa hadi 45. Sura ya nne nzima inahusu pengo hilo kati ya jumla na kilele.

Kabla hujafungua ya kwanza, chukua karatasi. Andika 760 kushoto, 3 katikati, sifuri kulia, kisha piga hesabu ya kesho yake. Katikati utapata karibu saba. Shuleni, tarehe 23, walihesabiwa wanane.