Miaka Kumi ya Mvuta Sigara: Yanayopotea na Yanayorudi

Mwaka 1922 watu 612 walifariki kwa saratani ya mapafu katika Uingereza na Wales. Mwaka 1947 idadi hiyo ilikuwa imefikia 9,287. Kwa muda wa robo karne tu, maradhi yaliyokuwa nadra yaliongezeka mara kumi na tano, na hapakuwa na aliyeweza kueleza sababu yake kwa uhakika. Wako waliosema kuwa ongezeko hilo halikuwa la kweli, bali picha za eksirei zilikuwa zimewawezesha madaktari kuyatambua maradhi ambayo zamani yaliwapita. Wengine walilaumu moshi wa magari na lami iliyokuwa ikitandazwa barabarani. Miongoni mwa walioishuku lami ya barabara ni daktari kijana aliyeitwa Richard Doll, ambaye mwenyewe alikuwa mvuta sigara.

Doll alishirikiana na Austin Bradford Hill, bingwa wa takwimu za tiba. Njia waliyoitumia ni rahisi kueleza darasani. Katika hospitali ishirini za London walihojiwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, na kwa kila mmoja wao akahojiwa mgonjwa mwingine wa jinsia na umri kama wake, lakini aliyelazwa kwa maradhi tofauti. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950 katika jarida la British Medical Journal. Kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wawili tu hawakuwa wavutaji. Kati ya wanaume 649 wa kundi la kulinganishia, wasiovuta walikuwa 27.

Mwanafunzi mwerevu ataona mara moja kwamba hata katika kundi la pili karibu wote walivuta. Ndivyo ilivyokuwa: wanaume wa Uingereza wa wakati ule walivuta karibu wote, na hiyo ndiyo sababu hasa iliyofanya hatari isionekane kwa muda mrefu. Jambo linalofanywa na kila mtu halidhaniwi kuwa chanzo cha chochote. Doll aliyatazama matarakimu yake, akaacha sigara kabla kazi haijakamilika. Lami iliyokuwa na makosa haikuwa ile ya barabarani.

Hata hivyo, kuwahoji watu ambao tayari ni wagonjwa kuna kasoro zake, kwani kumbukumbu hupotoka. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba 1951 watafiti hao wawili waliwaandikia barua madaktari wote wa Uingereza wakiwauliza maswali machache juu ya uvutaji wao, kisha wakangoja. Madaktari walichaguliwa kwa sababu majina yao yamo katika daftari la taifa, hivyo si rahisi wapotee. Wanaume 34,439 waliojibu walifuatiliwa kwa nusu karne, kila kifo kikiandikwa pamoja na sababu yake. Yaani wachunguzwa walikuwa ni wale wale ambao kazi yao ni kuwachunguza wengine.

Kadiri taarifa za utafiti zilivyotolewa, ndivyo wengi wa madaktari hao walivyoacha kuvuta, wengine wakiwa vijana na wengine wakiwa wazee. Kwa njia hiyo wakawapa watafiti jambo ambalo hakuna maabara ingeweza kulipanga: ulinganisho kati ya walioendelea na walioacha katika umri mbalimbali. Hesabu kamili ilitolewa tarehe 26 Juni 2004, miaka hamsini kamili tangu taarifa ya kwanza ya barua zile. Waliovuta maisha yao yote walifariki, kwa wastani, miaka 10 mapema kuliko wasiovuta kamwe. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alirudisha takriban miaka 3 kati ya hiyo kumi. Aliyeacha akiwa na miaka 50 alirudisha 6. Miaka 40, alirudisha 9. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliirudisha karibu yote.

Neno "wastani" hapa linahitaji uangalifu, kwa maana aghalabu ndilo linaloeleweka vibaya. Miaka kumi si adhabu anayogawiwa kila mvutaji sawa na mwenzake. Kiasi cha nusu ya wavutaji wa kudumu, au zaidi, huuawa na tumbaku yenyewe, na baadhi yao hupoteza miaka ishirini au zaidi. Waliobaki hufa kwa mambo mengine. Ndiyo maana karibu kila ukoo una babu aliyevuta kiko hadi uzeeni bila dhara la kuonekana. Babu huyo ni wa kweli, lakini hathibitishi kitu, kwa kuwa wale waliofariki wakiwa na miaka hamsini hawapo barazani ili wahesabiwe pamoja naye.

Liko kosa la pili, nalo ni baya zaidi. Husikika watu wakisema: "Fulani aliacha sigara, hata mwaka haukupita akafa, bora angeendelea." Hapa sababu na tokeo vimebadilishana mahali. Wengi huacha kwa kuwa tayari wameanza kuugua, pengine bila kujua ugonjwa wenyewe, hivyo ni ugonjwa uliowaachisha sigara, si kuacha kulikowaletea ugonjwa. Watafiti hulazimika kuwahesabu watu wa namna hii kwa tahadhari kubwa, la sivyo kuacha sigara kungeonekana kuwa hatari kuliko kuvuta.

Miaka hiyo hurudije? Si viungo vyote vya mwili vinavyopona kwa kasi moja. Kinachoondoka mwanzo ni kaboni monoksaidi, gesi inayoshikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara mia mbili na zaidi. Kwa mtu aliyetulia, nusu ya gesi hiyo hutoka kila baada ya saa nne au tano, hivyo katika siku moja damu huwa karibu imesafika. Vijinywele vinavyosukuma ute na vumbi kutoka katika njia za hewa huanza tena kufanya kazi. Kwa sababu hiyo baadhi ya walioacha hukohoa zaidi katika majuma ya mwanzo, wakadhani mambo yameharibika. Hatari ya ziada ya shambulio la moyo hupungua kwa kiasi cha nusu katika muda wa mwaka mmoja hivi.

Saratani huchelewa zaidi. Hatari yake hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta baada ya miaka kumi. Lami ya sigara ina kemikali, mathalan benzopairini, zinazoharibu DNA ya seli za mapafu, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa uharibifu huo hubaki pale pale. Mwaka 2020 wanasayansi waliochunguza seli za njia za hewa za watu 16 walitangaza jambo ambalo halikutarajiwa: kwa walioacha, seli zenye DNA isiyoharibika sana zilikuwa hadi mara nne ya zile za wanaoendelea kuvuta. Inaelekea kwamba seli chache zilizosalimika huzaliana na kuchukua nafasi ya zilizoharibika. Vifuko vya hewa vilivyokwisha kupasuka, kwa upande mwingine, havioti tena.

Mwalimu anayetaka kuionyesha lami hiyo achukue chupa ya plastiki iliyojaa maji na yenye tundu lililozibwa karibu na kitako chake. Juu atie pamba katika mrija mfupi uliopitishwa kwenye kifuniko, kisha aweke sigara mdomoni mwa mrija na kuiwasha, akiwa nje ya darasa. Tundu likifunguliwa, maji yanapotoka huivuta sigara. Pamba inayokuwa ya kahawia baada ya sigara moja hueleza mengi.

Ugumu wa kuacha hutokana na nikotini. Huufikia ubongo katika muda wa sekunde kumi hadi ishirini, na nusu yake hutoka mwilini katika saa mbili, ndipo mvutaji huhisi upungufu na kuwasha nyingine. Hamaki, njaa na kukosa usingizi huzidi katika juma la kwanza, kisha hupungua katika majuma matatu au manne. Bandeji na ubani wenye nikotini husaidia kuvuka kipindi hicho. Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Wengine hunenepa kilo chache, jambo ambalo kwa moyo lina madhara madogo kuliko sigara, na kutembea kila siku hulipunguza.

Wanafunzi wengi huona kwamba sigara moja kwa siku haihesabiki kuwa uvutaji. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, tena inakataza kuuza sigara moja moja. Lakini vibandani moja moja bado inapatikana. Mwaka 2018 yalijumlishwa matokeo ya tafiti nyingi juu ya jambo hili. Ilionekana kuwa anayevuta moja kwa siku hubeba takriban nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo anayobeba anayevuta ishirini, wala si sehemu moja ya ishirini kama hesabu ya kawaida ingemfanya adhani.