Msako Umepita, Mlevi Amebaki

Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru pombe za bei ya chini zisakwe katika eneo la Kati nchini Kenya, wabunge waliongoza umati kuvunja maghala na kumwaga shehena nzima. Wake za walevi walishangilia, na sikuona wa kuwalaumu. Sisi tunaotibu uraibu tulikuwa na swali letu: je, aliyekuwa akinywa tangu alfajiri alilalaje usiku ule?

Pombe hupoozesha ubongo. Ukinyweshwa kila siku, ubongo hujitutumua ili usizimike. Pombe ikikatwa ghafla, msukumo ule hubaki bila breki. Ndani ya saa chache mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hupotea. Degedege huweza kuja katika siku mbili za mwanzo; siku ya pili au ya tatu wengine huweweseka na kuona visivyokuwapo, moyo ukienda mbio. Wapo wanaokufa. Mtu asiyeweza kuanza siku bila kuzimua asifungiwe chumbani na ndugu zake eti mpaka imtoke. Apelekwe kituo cha afya, apewe diazepam na vitamini B1.

Walio wengi hawajafika huko, na hao husaidika palepale mtaani. Eldoret, wagonjwa wa VVU waliokuwa wakinywa walikutanishwa katika vikundi, vikao sita, kwa Kiswahili. Waliowaongoza hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Katika jaribio dogo la watu 75, lililochapishwa 2011, asilimia 69 ya waliohudhuria vikao walikuwa hawanywi baada ya siku 90, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Jaribio la baadaye, la watu 614, nalo lilionyesha kwamba vikao hupunguza unywaji.

Katika vikao hivyo watu hufanya mazoezi ya kukataa. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika: busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, hunywewa chungu kimoja, mrija kwa mrija, na anayekataa huonekana amewakataa wenzake.

Mpika chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, naye ana karo ya kulipa. Akikamatwa Ijumaa katika msako, bila mtaji wa biashara nyingine, wiki ijayo atapika tena, tena kwa kujificha zaidi.

Kwa hiyo chifu akiitisha baraza kutangaza msako, aulizwe kwanza: zahanati yetu ina diazepam?