Pampu Inayonguruma Haijafa

MAJI ya mgao yaliporudi mtaani kwetu jijini Nairobi baada ya wiki mbili, majirani walitoka mbio na mitungi. Mimi nilikaa kitako. Nina tangi chini na jingine juu ya paa, na pampu ndogo ya stima kati yao. Tangi la chini lilipojaa nikabonyeza swichi. Pampu ikanguruma, lakini haikuzunguka. Nikaiacha, nikidhani itaamka yenyewe.

Nusura niunguze mota. Mota iliyozuiwa kuzunguka hufyonza stima maradufu na zaidi, na nguvu yote hiyo hugeuka joto linaloweza kuunguza nyaya zake kwa muda mfupi. Mama watoto ndiye aliyenusa harufu akazima. Kwa hivyo msomaji, ukisikia mngurumo bila mzunguko, zima papo hapo.

Fundi wa kwanza hakufungua hata bolti moja. "Hii imekufa, mzee. Nunua nyingine." Ninunue na nini, na karo ndiyo kwanza imelipwa? Siku mbili tulipandisha maji kwa ndoo, watoto wakinung'unika.

Ndipo nikamwendea mzee mmoja wa jua kali anayefunga mota upya. Alizima stima kwenye swichi kuu, akaondoa kifuniko cha nyuma na kujaribu kuzungusha feni kwa mkono. Ingalizunguka kwa wepesi, alisema, angeshuku kapasita. Haikutikisika. Kilichokwama kilikuwa impela, lile gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji. Katika pampu ndogo za aina hii, nafasi kati ya impela na ukuta wake ni nyembamba mno. Pampu ikilala wiki kadhaa, kutu na chumvi ya maji huijaza.

Alifungua bolti za uso wa pampu. Impela ya shaba ya manjano ilikuwa imeng'ang'ania shafti ya chuma kama kupe. Nikachukua nyundo, akaninyang'anya. "Ukigonga shafti unaua beringi, na ukibenua upande mmoja kwa bisibisi unavunja mapanga."

Alitia mafuta ya kulegeza kutu, akayaacha usiku kucha. Asubuhi alizungushia impela kitambaa kilichochovywa katika maji moto na kukamuliwa. Shaba hiyo hutanuka kuliko chuma ikipata joto, hivyo hulegea. Kisha akaingiza bolti mbili katika matundu mawili yenye nyuzi yaliyo kwenye impela yenyewe, akizikaza kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Ikatoka bila kelele. (Impela nyingine hazichomolewi, hufunguliwa kama nati. Hapo hushikilia shafti kwa nyuma na kuzungusha impela kuelekea upande uleule wa mwendo wa mota.)

Alikwangua kutu kwa msasa laini, akabadilisha sili, kwani ya zamani ikishatolewa mara nyingi huvuja. Grisi alikataa katakata kuitia: maji hayo tunakunywa. Aliijaza pampu maji kabla ya kuiwasha.

Tangi la juu lilijaa kabla ya adhuhuri. Siku hizi, hata mfereji ukiwa na nguvu, kila Jumamosi naiwasha pampu dakika mbili.