Mtawa Aliyekatwa Ulimi kwa Kutetea Ubinadamu wa Yesu

Mwaka 662 mjini Konstantinopoli, mtawa aliyekwisha kupita umri wa miaka 80 alikatwa ulimi na mkono wa kuume, kisha akapelekwa uhamishoni Lazika, nchi ambayo leo ni sehemu ya Georgia. Alifariki huko mwezi Agosti mwaka huohuo. Jina lake Maximus. Waliomwadhibu hawakuwa wapagani. Walikuwa Wakristo wenzake, watumishi wa Kaisari Constans II. Alituhumiwa pia uhaini, maana dola haikosi la kuongeza, lakini kiini cha kesi kilikuwa ukaidi wake katika jambo moja: kwamba Yesu, pamoja na utashi wake wa kimungu, alikuwa na utashi wa kibinadamu, yaani alitaka na kuamua kama mtu anavyotaka na kuamua. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mabishano ya Wakristo wa kale yalikuwa juu ya swali moja tu, kama Yesu ni Mungu au la. Ukiifuatilia mitaguso baada ya ule wa Nisea wa mwaka 325, unakuta kwamba kilichotetewa kwa shida zaidi ni ubinadamu wake, na waliouhatarisha mara nyingi walikuwa wale waliotaka kumtukuza.

Chukua mfano wa Apollinaris, askofu wa Laodikia ya Shamu. Huyu alikuwa mtetezi hodari wa Nisea. Aliona kwamba akili ya mwanadamu hugeuka-geuka na hupotoka, kwa hiyo haifai kukaa ndani ya Mwokozi. Akafundisha kwamba Yesu alikuwa na mwili wa mtu, ila mahali pa akili ya kibinadamu palikaliwa na Neno la Mungu mwenyewe. Fundisho hilo linasikika kama heshima kubwa. Gregorius wa Nazianzo alilijibu kwa hoja ambayo imebaki msingi wa teolojia hadi leo: Mwokozi huponya kile alichokitwaa, na asichokitwaa kinabaki na ugonjwa wake. Katika habari ya Adamu, ni akili iliyoanza kukosa. Kama hiyo ndiyo iliyoachwa nje, basi kilichookolewa ni misuli na mifupa. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulilikataa fundisho la Apollinaris. Karne iliyofuata, mtawa Eutyches alieleweka kuwa anafundisha kwamba ubinadamu wa Yesu ulimezwa na umungu kama tone la maji baharini. Mwaka 451 mtaguso wa Kalsedonia ukajibu: nafsi moja, asili mbili, bila kuchanganywa na bila kutenganishwa. Tamko hilo lilikiri kwamba Yesu ana umungu mmoja na Baba, na halikuishia hapo. Likakiri vilevile kwamba ana ubinadamu uleule tulio nao sisi, isipokuwa dhambi.

Mtu anaweza kusema: je, Arius, aliyehukumiwa Nisea, si aliupinga umungu? Ndiyo, na hilo halina ubishi. Ila hata huko lipo jambo linalosahaulika. Eustathius wa Antiokia aliwalaumu wafuasi wa Arius kwa kufundisha kwamba Kristo hakuwa na roho ya kibinadamu. Kwa hiyo Yesu wao alipungua pande zote mbili, akawa kiumbe wa katikati ambaye si Mungu kamili wala mtu kamili.

Pingamizi zito zaidi ni la siasa. Kaisari Heraclius alitaka kuwaunganisha Wakristo wa Misri na Shamu, ambao wengi hawakuikubali Kalsedonia, na mwaka 638 akatoa hati iliyosema kwamba Kristo ana utashi mmoja. Majeshi ya Waarabu yalikuwa yakisonga mbele, na umoja ulihitajika haraka. Siasa ilikuwepo, tena waziwazi. Lakini siasa inaeleza kwa nini fundisho lilitolewa wakati ule. Haielezi kwa nini mtawa mzee asiye na cheo alikataa kunyamaza, wakati Misri na Shamu zilikwisha kutoka mikononi mwa dola na umoja ule haukuwa na faida tena.

Sababu yake ilikuwa Gethsemane. Injili zinasimulia Yesu akiogopa kifo, akiomba kikombe kimwondokee, kisha akijitoa kwa mapenzi ya Baba. Msomaji Mwislamu huuliza kwa haki kabisa: kama yeye ni Mungu, alikuwa akimwomba nani? Maximus angejibu kwamba ombi lile lilitoka katika utashi wa mtu, na kwamba bila utashi huo sala ya bustanini ni maigizo. Wapinzani wake walidai kwamba tashi mbili lazima zipigane, nawe utapata watu wawili. Akajibu kuwa utashi ni wa asili, si wa nafsi. La sivyo Utatu wenye nafsi tatu ungekuwa na tashi tatu. Tena utashi wa mwanadamu haukuumbwa uasi. Kinachouasisha ni dhambi, na pasipo dhambi unaweza kutii kwa hiari yake. Mtaguso wa mwaka 680 hadi 681 uliukubali msimamo huu, na katika orodha ya waliolaaniwa ukamweka hata Papa Honorius, aliyekuwa amefariki miaka zaidi ya 40 kabla.

Isidhaniwe kwamba waliokataa Kalsedonia waliukana ubinadamu. Wakopti wa Misri na Waorthodoksi wa Ethiopia na Eritrea husema asili moja iliyoungana, nao humkataa Eutyches. Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili. Hatari ninayoiona ipo karibu zaidi, mimbarini. Katika Marko sura ya 13 Yesu anasema kwamba siku ile hata Mwana haijui, na mara nyingi mhubiri hukimbilia kueleza kwamba aliijua ila aliificha. Afadhali mhubiri huyo aanze na Luka sura ya 2, inayosema kwamba Yesu alikua katika hekima, kwa maana anayekua katika hekima kuna wakati alikuwa na jambo asilolijua.