Bahari Haijui Jumanne

Leo nadai kubonga na wewe msee wa Mji wa Kale unayejiandaa kwa triathloni yako ya kwanza, ile fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita 5. Najua venye ulianza. Ulitoa ratiba kwa simu, ukaibandika ukutani kwa keja: Jumanne maji, Alhamisi baiskeli, Jumapili mbio. Wiki ya tatu umechapa, unaanza kusema mwili wako hauwezi. Maze, mwili uko fiti. Ratiba ndiyo haijawahi kuona Mombasa.

Cheki maji kwanza. Aliyeandika hiyo ratiba ana bwawa, maji yako pale pale kila siku. Wewe una bahari, na bahari haijui Jumanne. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Leo yamejaa mangware ukitoka msikitini. Wiki ijayo saa hiyo hiyo yamekupwa, umebaki na mawe na tope. Wavuvi wetu wana hii hesabu kichwani tangu utotoni. Basi mazoezi ya kuogelea usiyapange kwa wiki moja, yapange kwa wiki mbili. Ile wiki maji yanajaa mangware, ogelea mara tatu. Ile yanakupwa, baiskeli na mbio zichukue nafasi, maji yabaki mara moja tu, wikendi, yakijaa mchana, na shati mgongoni juu ya jua.

Na hapa kaa rada. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mkondo wa Tudor unavuta vibaya sana. Hata kama umekua ukiruka pale chini ya Fort Jesus, usiende kujipima hapo. Chukua matatu hadi Pirates, Bamburi, na usiwahi kuogelea peke yako. Hilo sina mzaha nalo.

Jua nalo. Tarehe 24 Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilikuja hapa hapa kisiwani, kwenye uwanja wa gofu ule wa kando ya bahari. Kenenisa Bekele alikuwa amebeba taji la mbio ndefu miaka 5 mfululizo, 2002 hadi 2006. Joto na unyevu wa hewa vikammaliza, akaachia njiani mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Kama Bekele alisimama hapa, wewe usijilaumu ukikosa spidi iliyopangwa kwa nchi ya baridi. Wacha saa, sikiza pumzi. Ukiweza kubonga sentensi nzima huku unakimbia, hiyo ndiyo spidi yako kwa sai.

Baiskeli ni mangware pia, kabla tuktuk na nduthi hazijajaa Digo Road. Zungusha Mama Ngina Drive, ukishuka tu kimbia dakika kumi. Miguu itakuwa kama mbao. Izoeshe mara moja kwa wiki, inatosha. Dafu baadaye ni tamu, lakini chumvi yake ni kidogo na wewe umetoka jasho mob, kwa hivyo manga kitu chenye chumvi.

Kosa linaloumiza wasee wengi ni kulipa deni. Ulikosa ya Jumanne juu ya wera? Imeenda. Ukiibeba Alhamisi pamoja na ya Alhamisi, Ijumaa goti linalia. Ukikosa wiki nzima, rudia ile ya mwisho uliyomaliza, usiruke mbele. Na kila wiki ya nne punguza, hata ukijiskia una nguvu.

Ramadhani usiongeze chochote. Mbio nyepesi baada ya tarawehe zinatosha kukuweka pale ulipo, na baharini usiku usiingie.

Bandua hiyo karatasi leo. Shuka pale mashua zinapofungwa, muulize mzee yeyote maji yanajaa saa ngapi kesho, kisha uanze kuandika upya.