Hodi hodi huko angani: je, kuna mwenzetu?

Ukifika kisiwani Funzi, kule Kwale kati ya Msambweni na Shimoni, huingii uani kwa mtu kabla ya kupiga hodi. Unasimama nje, unaita, unangoja. Usipoitikiwa mara ya tatu, unakwenda zako. Lakini wako wataalamu ambao kwa zaidi ya miaka 60 wametega masikio wasikie kama kuna apigaye hodi kutoka angani. Hawajasikia kitu, wala hawajachoka.

Aliyeanza ni Mmarekani Frank Drake. Mwaka 1960, kule Green Bank, West Virginia, alizielekezea dishi la upana wa mita 26 nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Redio yake aliitega kwenye megahazi 1420. Kwa nini hapo? Kwa sababu hayo ndiyo masafa yanayotolewa na gesi ya haidrojeni, na haidrojeni imejaa kila pembe ya ulimwengu. Kiumbe yeyote mwenye akili ataijua stesheni hiyo. Msomaji, ni kama watu wawili waliopotezana mjini Mombasa bila kuagana mahali. Kila mmoja atawaza kwenda kumngojea mwenzake Mapembeni, barabara ya Moi!

Agosti 15, 1977, darubini ya redio ya Chuo Kikuu cha Ohio State ilinasa mlio mkali wa sekunde 72. Umesakwa mara nyingi tangu siku hiyo, haujarudi.

Siku tano baadaye, binadamu naye alipiga hodi. Chombo Voyager 2 kilirushwa Agosti 20, na Voyager 1 kikafuata Septemba 5. Kila kimoja kimebeba sahani ya santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55. Kiganda kimo. Kisumeri, ambacho hakina mzungumzaji tangu enzi na enzi, nacho kimo. Kiswahili hakimo!

Jambo hili linauma. Watu wa pwani tunaojigamba kwa salamu ndefu, zile za kuulizana habari za nyumbani, watoto na kazi, ndio tuliokosa kusikika. Afrika Mashariki na majirani zetu, hata hivyo, hatukusahauliwa kabisa. Umo wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo, na picha ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, Tanzania. Voyager 1 sasa kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka kwetu, na kitapita jirani na nyota nyingine baada ya miaka 40,000 hivi.

Kazi ya kusikiliza ina vishawishi vyake. Mwaka 2019 dishi la Parkes, Australia, lilinasa mlio ulioelekea kutoka Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiliacha jua. Mwaka 2021 ikabainika kwamba ni kelele za mitambo yetu wenyewe. Ndiyo maana Afrika Kusini waliyajenga madishi 64 ya MeerKAT katika jangwa la Karoo, mbali na simu na magari. Tangu mwishoni mwa 2022 madishi hayo yanatumiwa pia kuwasaka hawa jamaa. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi mkubwa zaidi, SKA.

Wala si mara ya kwanza kwetu. Desemba 12, 1970, satelaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Ilichunguza miale ya eksirei, si hodi za mtu.

Mwanafunzi utakayekuwa Funzi mwezi wa Juni, tazama kusini mwendo wa saa tatu au nne usiku, mawingu yakiruhusu. Kushoto kwa Msalaba wa Kusini utaona nyota mbili kali. Iliyo mbali zaidi na msalaba ni Alfa Centauri, ambayo mtu wa London haioni abadani. Proxima ni mwenziwe, ila haionekani bila darubini, na mwaka 2016 iligunduliwa kuwa na sayari yake. Tukiwapigia hodi usiku huu, na wawepo, na waitike papo hapo, mtoto anayezaliwa leo atakuwa na miaka minane na nusu jibu likifika.