Nafasi ya Uzamivu Huanza na Swali

Wapo kina mama wengi Bukoba na Muleba wenye shahada zao, walimu, wauguzi na maofisa ustawi, ambao hudhani shahada ya uzamivu ni ya watu wengine. Wapo pia wenye binti anayeitamani. Makala hii yaeleza jinsi nafasi ya uzamivu inayolipiwa inavyoombwa katika saikolojia ya utambuzi, na jambo ambalo mke na mume wapaswa kulimaliza kabla barua haijatumwa.

Kicheko cha Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Wengine wakafuata. Walicheka na kulia kwa zamu, kwa dakika chache au kwa saa kadhaa, nao hawakuwa na furaha yoyote. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, jambo hilo likaenda pamoja nao. Huko Nshamba watu 217 walipatwa, wengi wao vijana, na baadaye shule nyingine ya wasichana karibu na Bukoba ikaguswa.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963. Hawakukuta sumu katika chakula wala ugonjwa katika damu. Walimu hawakupatwa. Wataalamu waliofuata wameeleza kwamba msongo wa mawazo, unapowabana watu walio pamoja na wasio na njia ya kusema, waweza kujitokeza mwilini na kuenea kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Basi, mama mpendwa, hebu tujiulize. Akili ya msichana mmoja yachukuaje hali ya mwenzake bila kukusudia? Kwa nini mmoja ashikwe, na jirani yake wa kitanda asishikwe? Maswali ya namna hiyo ndiyo kazi ya saikolojia, na moja kati ya visa vinavyotajwa sana duniani kilitokea katika migomba yetu.

Elimu hii ni ipi?

Saikolojia ya utambuzi huchunguza jinsi akili inavyofanya kazi: jinsi tunavyokumbuka na kusahau, tunavyokaza umakini, tunavyojifunza lugha na tunavyoamua. Inaitwa ya majaribio kwa sababu mtafiti haishii kuuliza watu maoni yao. Yeye hubadili jambo moja tu, huacha mengine yalivyo, kisha hupima.

Watu wa Muleba wanaijua njia hiyo hata kama hawajaisikia kwa jina. Kuanzia mwaka 2014 watafiti walifanya jaribio kubwa la malaria wilayani humo. Maeneo 48 ya vijijini yaligawanywa kwa kura katika makundi manne. Baadhi yalipewa vyandarua vya kawaida vyenye dawa, mengine aina mpya iliyoongezewa kemikali ya PBO, na katika baadhi nyumba zilipuliziwa dawa pia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba aina mpya iliwakinga watoto zaidi. Kwa kuwa kura ndiyo iliyogawa, hakuna aliyeweza kudai kwamba kijiji fulani kilipona kwa sababu kilikuwa tajiri au safi kuliko kingine.

Mtafiti wa akili hufanya vivyo hivyo kwa jambo dogo zaidi. Watoto wa darasa la pili wagawanywe kwa kura, nusu wajifunze maneno kumi kwa wimbo na nusu kwa kuyarudia, kisha wapimwe baada ya siku moja. Hilo tayari ni jaribio.

Maswali yaliyo nyumbani

Vyuo vingi hupokea maombi kutoka kwa vijana wenye alama nzuri. Kinachomtofautisha mwombaji ni swali linaloweza kupimwa. Hapo mama wa Kagera ana mali ambayo huenda hajaihesabu.

Tazama lugha. Kihaya kina namna tatu za kusema jambo lililopita: lililotokea leo, lililotokea jana, na lililotokea kabla ya hapo. Msemaji hana budi kuchagua. Je, mtu aliyekua akichagua hivyo hukumbuka vizuri zaidi siku ambayo jambo lilitendeka, kuliko mtu ambaye lugha yake haimlazimishi? Swali hilo laweza kupimwa kwa picha, kalamu na saa.

Tazama afya. Tafiti za Kilifi, Kenya, na za Kampala, Uganda, zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo hubaki na shida ya kumbukumbu, umakini au lugha. Mwalimu wa Muleba aliye na mtoto wa namna hiyo darasani anaijua hali hiyo kabla ya kusoma kitabu.

Tazama vipimo vyenyewe. Vipimo vingi vya akili vilitungwa Ulaya na Marekani. Mwaka 2002 Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa shule za karibu na Bagamoyo. Watoto walipimwa, wakafundishwa kwa muda mfupi tu, kisha wakapimwa tena. Alama zao zilipanda. Ina maana kipimo cha kwanza hakikuonyesha yote waliyoyaweza. Wengi wetu tumewahi kumwita mtoto mzito wa akili kwa sababu ya karatasi moja!

Waliotangulia

Amina Abubakar, mwanasaikolojia kutoka Kenya, alisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi. Kazi yake ya Kilifi ilisaidia kupatikana kwa kipimo cha ukuaji wa watoto wachanga kinachofaa mazingira ya huko. Hakwenda Ulaya kuacha maswali ya pwani. Aliyachukua akaenda nayo. Baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Aga Khan.

Hapa kwetu yupo Profesa Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba mwaka 1950. Yeye alisomea uchumi wa kilimo, si saikolojia, lakini njia ni ile ile. Uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sweden ulihusu mashamba madogo ya migomba na kahawa ya Kagera. Kibanja ambacho bibi zetu walikilima kila siku kilikuwa swali la uzamivu. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2010 aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat.

Nafasi za namna mbili

Yafaa kutofautisha mambo mawili. La kwanza ni ufadhili wa masomo. Mfuko hulipa ada na kumpa mwanafunzi posho. Mifano ni ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa ajili ya Uingereza, ule wa DAAD wa Ujerumani, na ule wa shirika la OWSD, lililoanzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea.

La pili ni nafasi ya ajira. Katika nchi kama Sweden na Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa na chuo, hupata mshahara na hukatwa kodi, aghalabu kwa miaka minne. Huko Sweden, mama akijifungua katika kipindi hicho, likizo ya uzazi huongezwa juu ya muda wake wa masomo. Nafasi hizi hutangazwa kama kazi, wakati wowote wa mwaka. Marekani husubiri maombi hasa mwezi Desemba kwa ajili ya masomo yaanzayo Agosti au Septemba, na huko mwenye shahada ya kwanza anaweza kuingia moja kwa moja. Ulaya kwa kawaida hudai shahada ya uzamili.

Bahasha ya maombi

1. Barua ya maombi. Isizidi kurasa mbili. Usianze kwa kusema, "Tangu utotoni nimeipenda saikolojia." Anza hivi: "Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka sita, nikaona jambo hili. Nataka kulipima kwa njia hii." Kisha eleza kwa nini unamtaka msimamizi huyu na si mwingine. Soma kwanza makala zake mbili au tatu.

2. Maelezo ya masomo na kazi. Yawe mafupi na ya kweli. Kazi ya kukusanya takwimu vijijini, hata ya miezi miwili, iandike. Watu wanaojua kumhoji mama mkulima bila kumtisha ni wachache.

3. Barua za wadhamini. Kwa kawaida ni wawili au watatu, na hutuma barua zao wenyewe. Mwalimu aliyesimamia tasnifu yako ana uzito kuliko mheshimiwa asiyejua kazi yako. Mwombe mwezi mmoja kabla, umpe tangazo na barua yako aisome.

4. Matokeo na tasnifu. Pata nakala rasmi mapema. Kuhusu Kiingereza, vyuo vingine hudai mtihani kama IELTS au TOEFL, vingine hukubali barua ya chuo kwamba ulisoma kwa Kiingereza. Uliza kabla ya kulipa.

5. Ujuzi wa takwimu. Hili ndilo huwaangusha wengi. Programu ya R ya kuchambua takwimu na PsychoPy ya kutengeneza majaribio hupatikana bure kwenye intaneti. Saa moja kila jioni kwa miezi sita, watoto wakishalala, huweza kumfikisha mtu mbali.

Ukiitwa kwenye usaili, utaulizwa ungefanyaje jaribio lako na ungefanya nini likishindwa. Nawe uliza: wanafunzi wako waliotangulia walimaliza kwa muda gani, na sasa wako wapi?

Jambo la nyumbani

Hapa ndipo penye uzito. Miaka minne ni mingi. Mtoto wa miaka mitatu atakuwa na miaka saba. Mke anayeomba kwa siri, akitumaini kumwambia mume barua ya kukubaliwa ikishafika, anapanda ugomvi juu ya furaha yake mwenyewe. Mume naye anayesema "omba tu" kwa kuwa haamini kwamba mkewe atapata, hajatoa ruhusa yoyote.

Kaeni chini kabla ya kutuma. Semeni kwa majina: nani atasimamia kibanja? Ada za watoto zitatoka wapi? Je, familia itafuatana? Nchi nyingi za Ulaya huruhusu mume na watoto kuombewa kibali, lakini hudai ushahidi kwamba fedha zitatosha. Je, mama mkwe atalea, na yeye mwenyewe ameulizwa? Yapo pia mafunzo yanayomruhusu mtafiti kukusanya takwimu zake hapa nyumbani kwa miezi kadhaa kila mwaka. Mwenye swali la Kagera ana sababu nzuri ya kuliomba hilo.

Nawe mama mwenye binti, usimwambie kwamba usomi utamkosesha mume. Mwulize swali lake ni lipi.

Jihadharini

Nafasi ya uzamivu haiuzwi. Vyuo vingine, hasa vya Marekani, hutoza ada ndogo ya maombi, na mara nyingi huisamehe kwa anayeomba. Lakini mtu yeyote anayetaka mamilioni ili "akuwekee jina" ni tapeli. Angalia tangazo katika ukurasa wa chuo chenyewe, na umwandikie msimamizi kwa anwani ya barua pepe ya chuo.

Wengi hukataliwa mara kadhaa kabla ya kupokewa. Kukataliwa hakumaanishi huna akili. Mara nyingi nafasi ni moja na waombaji ni mamia. Rekebisha barua, boresha swali, tuma tena.

Usiku wa leo, kabla ya kufungua tangazo lolote, chukua daftari uandike mambo matatu uliyoyaona kwa watoto, darasani au wodini, ambayo hakuna aliyekueleza sababu yake. Moja kati ya hayo huenda ndilo barua inayopaswa kuanza nalo.